Rangi Haipigwi Nyumba Hii

Gari lililetwa Jumamosi asubuhi juu ya trela. Avril Hallam alikuwa dirishani akisugua sufuria ya uji, na mwanzoni hakutambua kwamba lile ni gari. Lilikuwa bodi tupu, halina magurudumu wala viti, boneti imefungwa kwa kamba, na milango yake miwili imelazwa ndani ikafunikwa blanketi. Kutu ilikuwa imetafuna chini kote mpaka karibu na vioo.

"Ndiyo hilo?" alimuuliza mumewe.

Trevor alikwisha kusimama kizingitini na suruali yake ya kulalia. "Ndilo," alisema. "Triumph ya viti viwili. Hebu tazama mabega yake yalivyokaa."

"Mabega gani? Mimi naona matundu."

"Matundu yanazibwa, mpenzi."

Bryony, binti yao wa pekee, aliruka kutoka kwenye gari lililovuta trela, uso umemwiva kwa baridi ya Coventry na kwa furaha. Alikuwa mwanamke wa makamo ya thelathini na ushei, mpana wa mikono, na tangu gereji kubwa aliyokuwa ameajiriwa ilipofunga tawi lake la mjini alikuwa amerudi kulala katika chumba chake cha utotoni, chini ya mapazia yenye farasi. Hakuwa ametafuta kazi nyingine. Kiinua mgongo alichopewa alikitia katika mashine ya kuchomelea vyuma, kisha akaja mezani siku moja wakati wa chai na kuwaambia wazazi wake kwamba anataka banda la gari lililo ubavuni mwa nyumba. Anataka kulifanya gereji, afufue magari ya zamani ya michezo, ndiyo iwe kazi yake.

Avril alikuwa amekubali, ila kwa sharti moja. Rangi haipigwi nyumba hii. Wachomelee, wagonge, wafungue injini na kuzimwaga sakafuni wakitaka, lakini rangi hapana, wala ya bunduki ya kupulizia wala ya kopo la kubonyeza.

Hakuhitaji kueleza. Trevor alikuwa mpiga rangi wa magari tangu ujana, katika karakana moja ambayo siku hizi imebomolewa na mahali pake pana duka la mazulia. Alikuwa bingwa. Lakini barakoa walizopewa zilikuwa za karatasi, na rangi ile ya kuchanganya na dawa ya kuikausha ilimwingia kifuani mwaka hadi mwaka mpaka mapafu yakasusa. Daktari alimwambia waziwazi kwamba mapafu yake sasa yanaijua ile dawa na yanaichukia, na kwamba hata akiionja kidogo yanaweza kufunga mlango. Ndivyo alivyosema, kufunga mlango, na Avril alilala na maneno hayo kichwani kwa muda mrefu.

"Rangi itapigwa nje ya mji, mama," Bryony alikuwa amemwahidi. "Kuna watu wenye tanuri zao. Mimi nawapelekea bodi, wananirudishia imekauka kabisa."

"Basi," alisema Avril. "Lakini friji langu la nyama halitoki mle mpaka upatikane mahali pa kuliweka."

---

Friji lilihamia chini ya ngazi, na kila aliyetaka kwenda chooni alilazimika kulipita kwa ubavu. Mashine ya kukatia majani ilipelekwa kwa jirani. Mapambo ya Krismasi, fimbo za kuvulia samaki, kitanda cha mtoto ambacho hakuna aliyethubutu kukitupa, vyote vilipandishwa darini huku Avril akiwa chini anaelekeza na Bryony juu anatukana kimyakimya.

Wiki zilizofuata nyumba iligeuka. Bryony alipaka sakafu saruji mpya, akasubiri ikauke, akasawazisha palipobonyea. Aliziba nyufa za ukuta, akabandika mbao za kuzuia baridi, akavuta umeme kutoka jikoni akiwa na fundi aliyeidhinishwa, maana Avril aliapa hatakubali nyumba iungue kwa ajili ya gari la mtu. Taa zilifungwa kwenye dari, nyeupe, kali, hata Trevor akasema mle ndani panafaa kupasuliwa mgonjwa. Mlango wa zamani wa jikoni ukalazwa juu ya miguu ya chuma ukawa meza ya kazi. Spana zilitundikwa ukutani kwa ukubwa wake, na nyuma ya kila moja Bryony alichora kivuli chake ili isiyopo ijulikane.

Trevor alipewa kiti mlangoni. Mwanzoni alikaa pale kama mgeni. Siku ya tatu alikuwa anaamrisha.

"Usiweke hiyo vaisi ya kubania vyuma kona ile. Utaigonga kwa kiwiko kila ukigeuka."

"Baba, nimeshaipigia bolti."

"Basi ipigue."

"Neno hilo halipo."

"Leo lipo. Ipigue."

Aliipigua. Avril, aliyekuwa akipita na kikapu cha nguo, aligundua kwamba mumewe amenyoa ndevu. Alikuwa amezoea kumwona akikaa mbele ya televisheni na kidevu kisichonyolewa tangu juzi, akiangalia watu wanaouza nyumba wasizozijua. Sasa Trevor alikuwa akiamka kabla yake, anapika chai, anaweka kikombe cha Bryony kwenye rafu ya gereji karibu na redio.

Bwana Mistry, jirani wa ukuta mmoja, dereva wa basi aliyestaafu, alibisha hodi siku ya kwanza mashine ya kukatia vyuma ilipolia. Alikuwa amevaa koti na tai kama mtu anayekwenda benki.

"Dada Avril, sikuja kugombana," alisema.

"Karibu ndani, Bwana Mistry."

"Nitasimama tu. Ni ile sauti. Mimi baada ya chakula cha mchana huwa najinyoosha kidogo. Leo nilifikiri wananikata miguu."

Avril aliona aibu mpaka masikioni. Lakini Bryony alitoka mwenyewe, mikono myeusi, akamwomba radhi, na wakapatana hapohapo kwamba baada ya chakula cha mchana mashine zinazolia zitanyamaza mpaka Bwana Mistry afungue mapazia yake. Kisha akamkaribisha aone. Mzee alizunguka lile gari taratibu, mikono nyuma.

"Nilikuwa na rafiki aliyekuwa nalo moja hivi," alisema. "Mvua ikinyesha anaoga humohumo."

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila asubuhi na kiti chake mwenyewe.

---

Mwenye gari aliitwa Lovelock, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu, ambaye zamani alikuwa na duka la miwani. Gari lilikuwa la mkewe, aliyefariki, na lilikuwa limesimama shambani kwa ndugu yake miaka mingi. Alikuja kuliona mwezi wa tatu, wakati Bryony alikuwa amekwisha kukata sakafu iliyooza na kuchomelea mpya, na vizingiti vya milango vyote viwili viking'aa kwa chuma kipya.

Aliingia gereji, akampita Bryony aliyekuwa amepiga magoti na taa ya mkononi, akaenda moja kwa moja kwa Trevor kitini.

"Kazi nzuri, bwana," alisema. "Ulipata shida kwenye hii nguzo ya katikati?"

Trevor alimtazama. "Sijui. Muulize fundi."

"Yupo wapi?"

"Umemruka hapo sasa hivi."

Avril alikuwa ameshika sinia la chai. Alimwona binti yake anasimama, anafuta mikono kwa kitambaa, anatabasamu tabasamu lile analolitumia kwa watu wa aina hiyo. Lovelock alicheka kidogo, akasema samahani, kisha akamwuliza Bryony swali lake, na kila alipojibiwa alimtazama Trevor kuona kama ni kweli. Trevor alikuwa ameamua kutazama dari.

"Harusi ya binti yangu ni mwezi wa sita," alisema Lovelock alipokuwa akinywa chai. "Nataka aende kanisani kwa gari la mama yake. Litakuwa limepigwa rangi?"

"Wapigaji rangi wamejaa kazi," Bryony alisema. "Nimewapigia simu wote. Wa karibu kabisa ananiambia Septemba."

"Septemba hainisaidii kitu, binti. Kama hamliwezi, kuna gereji za kweli. Ni heri niambiwe mapema."

Neno *za kweli* lilitua pale katikati ya gereji, na Avril aliona jinsi shingo ya binti yake ilivyopanda rangi.

"Litakuwa tayari," alisema Bryony.

Lovelock alipoondoka, Avril alibaki akikusanya vikombe. "Litakuwaje tayari ikiwa rangi ni Septemba?"

"Nitajua la kufanya, mama."

"Sharti letu unalikumbuka."

"Nalikumbuka."

---

Avril alifanya kazi nusu siku katika jiko la shule ya msingi, akiwagawia watoto viazi na mbaazi. Alhamisi moja mvua ilinyesha kiasi kwamba watoto hawakutoka nje kucheza, na alirudi nyumbani akiwa amelowa mpaka viatu. Alipokata kona ya mtaa wao alimwona Bwana Mistry amepiga magoti kando ya barabara, bila koti, na mbele yake kuna mtu ameketi ukingoni na mikono kwenye magoti. Ilimchukua muda kujua kwamba yule mtu ni Trevor, maana hakuwa na rangi ya mtu.

"Ambulensi inakuja," alisema Bwana Mistry. "Nimempulizia dawa yake. Mara mbili. Bryony yuko kwenye simu nao."

Trevor alivuta pumzi na ikatoa sauti ya bawaba kavu. Alimwona mkewe akajaribu kusema kitu.

"Nyamaza," alisema Avril. "Usiseme. Nitazame mimi tu. Vuta. Toa."

Aliketi kwenye maji kando yake, akamshika mgongo. Ubavuni mwa nyumba mlango wa gereji ulikuwa wazi, na harufu ilikuwa inatoka, tamu, kali, ile aliyoifua kwenye mashati ya mumewe kwa nusu ya maisha yake.

Hospitali walimwekea mashine ya hewa, wakamchoma sindano, na jioni daktari mmoja kijana akaja kusema kwamba amepita pabaya, watamlaza siku mbili wamwangalie. Avril alishukuru. Kisha alikwenda kuketi kwenye viti vya plastiki ambako Bryony alikuwa amejikunyata na nguo zake za kazi, vidole vina madoa ya kijivu.

Avril hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa nafuu.

"Nilikuomba kitu kimoja."

"Ilikuwa rangi ya msingi tu. Sehemu ya ndani ya boneti. Baba alikuwa ameenda kwenye kilabu chake cha kucheza vishale, nilijua ana saa kadhaa, nilifungua milango yote." Alikwangua doa la kijivu kidoleni. "Mvua ikamrudisha."

"Kwa sababu ya yule mtu mwenye kofia."

"Kwa sababu yangu. Nilitaka aone kwamba ninaweza."

"Sasa ameona?"

Bryony alifunika uso kwa mikono, halafu akaiondoa upesi, kwa sababu mikono yenyewe ilikuwa inanuka.

Asubuhi yake Avril alinunua kufuli. Aliyachukua makopo yote aliyoyakuta kwenye rafu, yaliyotumika na yasiyotumika, akayapeleka jalala la halmashauri kwa basi, ndani ya mfuko wa sokoni, akikaa nao mapajani. Aliporudi alifunga gereji, akavaa ufunguo shingoni. Bryony alimwona akifunga. Siku ileile alianza kuulizia kazi kwenye ghala la matairi.

---

Trevor alirudi nyumbani amepungua. Aliwekwa kwenye kiti chake sebuleni, akapewa supu, blanketi na kidhibiti cha televisheni. Alipouliza habari za gereji, Avril alimwambia imefungwa. Hakuuliza tena. Siku ya pili hakunyoa. Siku zilizofuata aliketi akitazama watu wanaouza nyumba, na redio ya gereji, iliyokuwa imezoeleka ikisikika kupitia ukuta wa jikoni, haikusikika. Bwana Mistry alikuja na kiti chake asubuhi moja, akakuta kufuli, akarudi nacho.

Avril alijua nyumba imenyamaza, lakini alijiambia kwamba kimya ndicho kinachomfaa mgonjwa. Usiku aliota shati linanuka rangi.

Ilikuwa Jumapili, Bryony ametoka, wanakula nyama ya kuchoma na viazi, wawili tu, ndipo Trevor akaweka uma chini.

"Umenifungia mimi, unajua," alisema. "Hukumfungia yeye."

"Nimemfungia anayetaka kukuua."

"Hakutaka kuniua. Avril, nisikilize. Kuna jambo sijakuambia."

Trevor alisogeza viazi vyake kutoka upande mmoja wa sahani kwenda mwingine.

"Nilisikia harufu tangu langoni," alisema. "Kabla hata sijafika mlangoni. Nilijua ni nini."

Avril alimtazama bila kuelewa. "Ulijua?"

"Nani asijue harufu hiyo, mimi?"

"Kwa nini basi hukugeuka ukaenda kwa Mistry?"

"Kwa sababu nilimsikia anavyopiga." Alionekana kama mtoto aliyekamatwa. "Kopo linalia vibaya. Linatema na kunyamaza, linatema na kunyamaza. Amelisogeza karibu mno, nikajua rangi inamiminika kama machozi, itabidi aiparuze yote. Nikasema nitachungulia tu nimwambie asogee nyuma. Neno moja nitoke."

"Neno moja."

"Sikupata nafasi ya kulisema."

Avril aliinuka. Alibeba sahani yake mpaka kwenye sinki, akaiacha mle na chakula chake, akasimama akiipa mgongo meza. Kwa wiki nzima alikuwa amepika, amefua, amelala, na hasira yake yote akiielekeza chumba cha mapazia ya farasi. Sasa haikujua pa kwenda.

"Wewe mwanamume ni mpumbavu," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Mpumbavu wa kwanza mpaka wa mwisho. Nimemwambia mwanangu maneno ambayo sitaweza kuyarudisha, na wewe umekaa hapo unanywa supu."

"Nilikuwa naogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba ukijua mimi ndiye siwezi kujizuia, basi ndio kufuli halitoki tena." Alivuta pumzi, taratibu, alivyofundishwa. "Kule kazini hakuna aliyeniuliza kitu hata siku moja. Piga lile, piga hili. Hapa mtoto ananiita, baba njoo ushike, baba unaonaje. Sitaki kupiga rangi, Avril. Nataka kuulizwa."

Avril alikausha mikono, akaketi tena mkabala naye, akamtazama kidevu chake chenye ndevu nyeupe zilizosimama hovyo. Alihisi kicheko kinampanda na hakutaka kucheka, akajizuia, kikamtoka puani.

"Lilikuwa linatema na kunyamaza?" aliuliza.

"Kama paka anayekohoa."

---

Bryony aliporudi alimkuta mama yake amesimama mbele ya gereji na kufuli mkononi.

"Kaa," Avril alimwambia, akionyesha kiti cha Trevor. Bryony alikaa. Avril alimsimulia yote, bila kujitetea, kisha akasema, "Ulivunja ahadi, hilo halijabadilika. Lakini niliyokuambia hospitali nilimwambia mtu mmoja, na walikuwa wawili."

"Ni mimi niliyefungua kopo, mama."

"Najua. Na ni yeye aliyefungua mlango. Sitaki tena kuwagawia lawama." Alimpa ufunguo. "Kopo likionekana humu, hata la kupaka viatu, nakwenda kukaa kwa dada yangu kule Rugby na mtajipikia wenyewe."

Bryony aliushika ufunguo, akauangalia. "Lovelock nitamwambiaje?"

"Mwambie ukweli. Ukishindwa nipe mimi simu."

Hakumpa simu. Alimpigia mwenyewe, amesimama jikoni, mama yake akijifanya anahesabu vijiko. Alimwambia kwamba gari halitakuwa tayari kwa harusi, kwamba alikosea kuahidi, kwamba rangi ni Septemba na itapigwa na watu wenye tanuri, na kama hataki aje alichukue na sehemu zake zote ziko kwenye masanduku yenye majina. Sauti ya Lovelock ilisikika mpaka kwenye friji chini ya ngazi. Bryony alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, bwana Lovelock," alisema. "Na ukija, swali lolote la gari niulize mimi. Baba yangu ni mshauri."

Lovelock alipiga simu huku na kule wiki nzima. Hakuna gereji ya kweli iliyotaka gari la mtu mwingine lililo vipande vipande. Akarudi kwa Bryony na sauti ya chini kidogo, akasema bibi harusi amekwisha kukodi gari jingine na kwamba, kusema kweli, yeye ndiye aliyelitaka lile la mkewe. Binti alikuwa anaogopa litamchafua gauni. Bryony alimpa pole, na ilikuwa pole ya kweli.

Kiangazi kile gereji ilifanya kazi. Bwana Mistry alirudisha kiti chake. Injini ilifunguliwa ikasafishwa kila kipande, ikafungwa, na siku ilipowashwa juu ya stendi yake ilinguruma hata mapambo ya Krismasi darini yakalia. Mtu mwingine alileta gari la pili, jekundu zamani, sasa la rangi ya chai, akamkuta Bryony chini yake na akaongea na miguu yake kwa heshima. Avril alimshonea Trevor kamba ya kuvaa dawa yake ya kuvuta shingoni. Alilalamika kwamba inamfanya aonekane refa. Aliivaa.

---

Bodi ilirudi kutoka kwa wapiga rangi wiki ya pili ya Oktoba, juu ya trela ileile, chini ya turubai. Bryony aliwapigia simu mara mbili kuhakikisha kwamba imekauka kabisa, imekaa tanurini na nje ya tanuri, haina tena kitu cha kutoa. Avril hakutaka kusikia la simu. Alimwamuru Trevor abaki kizingitini, akamwamuru Bryony aondoe turubai, kisha akavua aproni yake akatoka.

Ilikuwa kijani, kijani ya majani ya msonobari baada ya mvua, na mwanga wa mchana ulitembea juu yake bila kukwama popote. Avril hakuitazama. Aliinamisha kichwa kwenye boneti akanusa. Alinusa madigadi, akanusa ndani ya milango, akapiga magoti kwenye changarawe na kunusa chini ya vizingiti. Bwana Mistry alikuwa ameketi kwenye kiti chake akimtazama kwa adabu, kama mtu aliyezoea kuona majirani wakinusa magari. Bryony aligeuka pembeni, mabega yakimtetemeka.

"Cheka tu," alisema Avril akiwa chini. Aliinuka, akakung'uta magoti, akafikiri kidogo. Hakuna alichosikia ila nta na baridi. Akampungia mumewe mkono.

Trevor alikuja polepole. Alitoa mkono wake mfukoni akauweka juu ya bega la gari, wazi, akaupitisha kuelekea nyuma bila kubonyeza, jicho moja limefumba, uso umelala karibu kabisa na chuma ili mwanga umpitie chini. Alizunguka hivyo upande mmoja, akazunguka wa pili. Karibu na taa ya nyuma mkono wake ulisimama. Ukarudi. Ukasimama tena palepale.

"Bryony," aliita. "Njoo uniambie unaona nini hapa."

Bryony aliinama. "Sioni kitu, baba."

"Lete kidole. Taratibu. Umehisi?"

"Kama ngozi ya chungwa."

"Mkono wake umechoka hapo. Alikuwa anafikiria chakula chake cha mchana. Ningekuwa mimi ndiye mwenye karakana ningeirudisha. Inapigwa msasa kwa maji, halafu inang'arishwa, siku nzima imekwenda, kwa sababu ya mtu mmoja asiyeweza kusogeza miguu."

Aliendelea hivyo wakati bodi inasukumwa ndani. Aliendelea wakati wa kunawa mikono. Mezani, mbele ya pai ya nyama, alimweleza Bwana Mistry, aliyebakizwa kula nao, namna mpiga rangi anavyopaswa kusimama, namna anavyotembea pamoja na mkono wake, namna vijana wa siku hizi wanavyopiga rangi kama wanamwagilia bustani. Kila alichosema alikisema kwa pumzi moja mpaka mwisho, na pumzi haikukwama. Bryony alimwuliza kuhusu pembe ya kushikia bunduki ya rangi, akamwonyesha kwa uma. Avril alimwongezea viazi, akamwongezea mchuzi, na akamwacha alalamike.